Vazi la Juu ya Koti

Kufika katikati ya Oktoba, Linnea alishabadili nia ya vazi lake la Halowini mara sita, na mamdogo wake, Marit, alishaapa mara sita kwamba hii ndiyo ya mwisho.

Kwanza alitaka kuwa chapati. Si chapati hivi hivi, jamani, chapati nene ya asubuhi, yenye siagi juu na asali ya mti inayochuruzika. Haya, Marit akatafuta sponji, akaikata duara mbili, akazipaka rangi ya kahawia, akangoja zikauke. Mtoto akajitazama kwenye kioo, akasema, "Mamdogo, chapati haina mikono. Sasa pipi nitabebea wapi?" Chapati ikawa kitanda cha paka.

Baada ya hapo akataka gari la zimamoto. Siku mbili. Halafu bibi harusi. Halafu kulungu, lakini yule aliyekwisha kupigwa risasi, amelala juu ya gari kama wanavyorudi nao wajomba msimu wa kuwinda. Halafu daktari wa meno. Na siku moja asubuhi, mdomo umejaa nafaka na maziwa, akasema anataka kuwa jiwe.

"Jiwe?"

"Jiwe tu. Nitakaa."

"Linnea, Halowini watoto wanatembea nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Jiwe litatembeaje?"

"Utanibeba."

We, Marit akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Lakini moyoni alishaanza kuhesabu siku, kwa sababu Halowini ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi yake Annika angekuja na gari kumchukua mwanawe.

Annika ni dada yake Marit, mkubwa wake kwa miaka mitano. Mwaka juzi aliumia mgongo kazini, akapewa vidonge vya maumivu, na vidonge navyo vikampenda kuliko alivyovipenda yeye. Mwaka jana mwezi wa tisa alimpigia Marit simu akiwa kwenye maegesho ya duka, akasema, "Mdogo wangu, njoo umchukue mtoto kabla sijafanya jambo ambalo sitaweza kulisema." Marit akaendesha gari masaa mawili na nusu hadi mji wa Duluth bila hata kuzima jiko. Tangu siku hiyo Linnea akawa wake. Yaani si wake, lakini anajua ni kijiko gani anakipenda, anajua akisema tumbo linauma ni hesabu, anajua usiku anataka mlango uachwe wazi upana wa kiatu. Annika alikwenda kituo cha matibabu, akatoka, akakaa nyumba ya mpito ya wanaoacha dawa, akatoka, sasa ana chumba na kazi kwenye tanuri la mikate. Amepona. Kila mtu anafurahi. Marit naye anafurahi, ukimuuliza.

Ila alikuwa anataka kitu kimoja. Usiku mmoja tu. Kutembea na Linnea mtaa mzima, mkono kwa mkono, amsikie anagonga milango na kupiga kelele, "Tamu au balaa!" Mwaka jana hawakuweza. Mtoto alikuwa na wiki tano tu pale nyumbani, watoto wa mtaani wakaja na vichwa vya mazimwi, Linnea akaingia chini ya meza ya jikoni hakutoka. Marit akazima taa zote, akaingia naye chini ya meza, wakala pipi zote za wageni wakiwa wamejikunja kama paka wawili. Kwa hiyo mwaka huu ndio huo. Hakuna mwingine.

Nia ya saba ilikuja Jumapili, ukingoni mwa Ziwa Pelto. Marit hushona maturubai ya kufunikia boti, karakana yao iko pale pale majini, na Jumapili ile alikwenda kuchukua uzi. Ziwani kulikuwa na ndege mmoja, wa kijivu, peke yake. Ni yule ndege wanayemwita luni, ambaye akiwa mkubwa ni mweusi tii mwenye madoa meupe mgongoni na macho mekundu, na akilia usiku utadhani kuna mtu amepotelewa.

"Huyu mbona kijivu?" Linnea akauliza.

"Bado mtoto."

"Wazazi wake wako wapi?"

"Wameshatangulia kusini. Wakubwa huondoka kwanza, watoto huwafuata baadaye."

"Peke yao?"

"Peke yao."

"Nani anawaonyesha njia?"

"Wanaijua tu," Marit akasema.

Linnea akamtazama yule ndege mpaka pua ikaanza kumtoka kamasi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu mzima anayeagiza chakula hotelini, "Mimi nitakuwa luni. Lakini mkubwa. Yule mwenye madoa."

Hiyo haikubadilika tena.

Sasa, kule kaskazini, kwa ajili ya baridi, mtoto wa kushonewa vazi la Halowini hapimwi mwili. Anapimwa koti. Kila mama anajua: chukua koti zito la theluji, mvalishe, mfunge zipu mpaka kidevuni, ndipo uzungushe futi. Mtoto aliyevaa umalaika kule ni malaika aliyemeza godoro. Mifupa ya kule ni mifupa minene. Na ukijifanya unasahau, kuna Bibi Verna, jirani wa mkono wa kushoto, miaka sabini na minne, ambaye kila Oktoba huja na sahani ya keki na hadithi ya tufani ya theluji ya mwaka tisini na moja.

"Umempima juu ya koti?"

"Juu ya koti, bibi."

"Na sweta ndani ya koti?"

"Na sweta."

"Maana mwaka ule wa tisini na moja theluji ilianza saa saba mchana, watoto wakatoka wakiwa maharamia wakarudi wakiwa..."

"Bibi Verna, mwaka ule mimi sijazaliwa, na hadithi hii naijua kuliko jina langu."

"Ijue tu. Ongeza inchi mbili."

Marit akaongeza inchi tatu. Akakata turubai jeusi, lile jepesi la boti ndogo, kwa sababu halipitishi maji. Akaweka zipu nene ya mbele, akaweka matundu ya shaba ya kupitishia kamba, akaweka mshono wa mara mbili kila mahali. Madoa meupe aliyakata kwenye vipande vya kitambaa cha viti vya boti, mia mbili na kumi na sita, akayashona moja moja, jioni baada ya jioni, Linnea akiwa amekaa chini ya cherehani anampa moja, jingine, jingine. Macho yalikuwa taa mbili nyekundu za nyuma ya boti.

Bibi Verna akaliona, akaligonga kwa kidole. Likatoa sauti.

"Binti yangu, umemshonea mtoto au umemshonea boti?"

"Litadumu."

"Hilo litadumu hata akiwa na wajukuu. Mtoto analivaa usiku mmoja, wewe umelishona la miaka kumi. Una nini?"

"Sina kitu," Marit akasema, akainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka.

Jumatano simu ikalia. Annika. Kwa kawaida hupiga Jumapili, uso wa Linnea ukijaa kioo chote, lakini Jumatano hii alimtaka Marit.

"Mdogo wangu, nakuja Ijumaa badala ya Jumamosi! Nimeomba ruhusa kazini. Nataka kutembea naye Halowini. Halafu sikiliza, usicheke, nimemnunulia vazi."

Marit alikuwa amesimama mbele ya luni, lililoning'inia mlangoni kama mtu.

"Vazi gani?"

"Kale kamdudu kekundu kenye vidoadoa vyeusi. Alikuwa anavipenda, unakumbuka? Alikuwa anavikusanya kwenye kopo. Kana mabawa, kana pembe za waya, kazuri hako, mpaka nimelia pale dukani, yule muuzaji akanipa karatasi ya kufutia."

"Kazuri," Marit akasema.

Sasa hapa ndipo penyewe. Marit ni mshonaji. Mshonaji mtu akimtajia nguo, swali la kwanza linalomtoka, kabla ya rangi, kabla ya bei, ni kipimo. Amemuuliza hata mchungaji wa kanisa kuhusu joho lake. Na siku ile hakuuliza. Swali lilimfika mdomoni, akalimeza. Alijua, wewe, alijua kabisa, kwamba Annika kwenye simu humwona mtoto uso tu. Alikuja mara moja, Pasaka, na toka Pasaka Linnea amerefuka mpaka suruali zake zote zimekuwa kaptura. Marit akamwacha dada yake aendelee kufurahi, akasema, "Njoo salama," akakata simu. Na hakusema neno hata moja kuhusu luni.

Ijumaa ikafika, na jamani, kulikuwa na joto! Joto la kuvaa fulana! Tarehe thelathini na moja ya Oktoba, jua limekaa juu ya ziwa kama limesahau kalenda. Wazee wakakaa vibarazani wakisema hawajapata kuona. Na shuleni mchana, kwenye gwaride la mavazi, mji mzima ukaumbuka, maana watoto wote walishonewa juu ya makoti na makoti yamebaki nyumbani. Mzimamoto mmoja akatembea ameshika suruali kwa mikono miwili. Mchawi akakanyaga gauni lake akaanguka akamwangusha na popo. Mifupa ikajikunja magotini kama soksi. Mama mmoja akapaza sauti, "Nani kawaambia ipimwe na koti?" na mama thelathini wakamgeukia Bibi Verna, naye akasema tu, "Ngojeni. Siku bado haijaisha."

Linnea hakulivaa luni shuleni. Alisema analiweka kwa ajili ya jioni.

Saa kumi na nusu Annika akashuka garini. Amenenepa kidogo, nywele amezikata, mikono imeungua ungua kwa tanuri. Linnea akasimama mlangoni, akamwangalia sekunde mbili tatu, halafu akaruka kutoka ngazi ya juu kabisa, na Annika akamdaka, wakaanguka wote kwenye majani makavu. Marit akabaki ameshika mlango.

"Toka nikuone! We mtoto, wewe! Nani kakuvuta miguu?"

"Nimekua."

"Nani kakupa ruhusa?"

"Mamdogo."

Wakaingia ndani wanacheka. Annika hakukaa hata kidogo, akafungua mfuko, akatoa kale kamdudu kekundu. Kalikuwa kazuri kweli. Kitambaa laini kama shavu, mabawa yana waya ndani, vidoa vya mahameli. Linnea akashangilia, akavua viatu, akaingiza mguu mmoja, wa pili, akavuta.

Likaishia chini ya magoti.

Akavuta juu. Mabega yakagoma. Akageuka nyuma ili mama amfunge zipu, na pande mbili za zipu zikatazamana kama watu waliogombana, mmoja kule, mmoja huku, katikati mgongo wa mtoto.

"Vuta pumzi ndani," Annika akasema.

Linnea akavuta pumzi ndani.

"Vuta tena."

"Nimevuta yote." Kisha, bila ubaya wowote, akasema, "Mama, hii ni ya mtoto mdogo."

Annika akacheka. Akacheka tena, kidogo zaidi ya ilivyotakiwa. Akasema, "Nafuata maji," akaenda jikoni, na maji hayakusikika kufunguliwa.

Hicho ndicho Marit alichokisubiri toka Jumatano. Msije mkamwona mbaya, lakini alikisubiri. Alishaiona ile picha kichwani: vazi la dukani linagoma, yeye anafungua mlango, luni linatoka, mtoto anachagua, na kila mtu anaelewa ni nani anayemjua mtoto huyu. Sasa picha imetimia, na mdomoni anasikia kama amemeza ndimu na maganda yake.

Akamfuata dada yake jikoni. Annika alikuwa ameegemea friji, ameshika kale kalebo ka bei na kipimo.

"Miaka minne," akasema. "Nimenunua ya miaka minne. Nilisimama pale dukani, Marit, nikaweka mkono hivi hewani, kwenye kiuno changu, nikasema, ananifika hapa. Nilikuwa na uhakika kabisa. Ananifika hapa."

"Dada, mimi sikukuuliza kipimo."

"Ungeuliza ya nini?"

"Mimi huuliza. Nilijua litambana. Nikanyamaza."

Annika akamtazama. Marit akangoja matusi. Walipokuwa wadogo Annika alikuwa na matusi ya kuanika juani. Lakini dada mtu akavuta pumzi, akasema polepole, "Mwaka mzima umemlaza, umemwamsha. Mimi ningekuwa wewe, ningeficha mtoto mwenyewe, si kipimo."

"Nimefikiria."

"Najua umefikiria, mjinga wewe."

Wakacheka, wote wawili pua zimejaa, na wakati huo huo kutoka sebuleni ikasikika sauti ya turubai. Kwaruu. Kwaruu. Linnea alikuwa amejivalisha luni mwenyewe.

Mungu wangu. Bila koti ndani, mtoto alikuwa amepotea. Mikono imeishia katikati ya mabawa. Shingo ya luni imelala ubavuni, macho mekundu yanatazama zulia. Nyuma kuna mkia wa turubai unaoburura kama boti imevutwa nchi kavu.

"Ni kubwa," Linnea akasema kutoka ndani.

Annika akaweka mkono mdomoni. "Marit. Hii ni nini?"

"Luni."

"Hii ni gereji."

"Nilimpima juu ya koti!"

"Koti la nani, la baba?"

Linnea akatoa kichwa. "Hii kubwa, ile ndogo," akasema, na akafikiri, unaona kabisa anavyofikiri, ulimi umetoka pembeni. Halafu akakimbia kwenye kabati, turubai linamfuata kwaruu kwaruu, akaleta koti lake la theluji, lile la zambarau, na kale kamdudu ka dukani. "Tia koti humu. Litakuwa mtoto. Luni hubeba mtoto mgongoni, mamdogo, uliniambia. Akiwa bado mdogo anampanda mama yake, anaogelea bure."

"Mtoto wa luni si mwekundu," Marit akasema.

"Huyu ni mwekundu."

"Wenzake watamcheka."

"Atazoea."

Haya. Wakalitia koti ndani ya kale kamdudu, mikono kwenye mikono, likavimba, zipu ikafunga vizuri kama ilikuwa inalisubiri koti. Marit akachukua ile sindano yake iliyopinda ya kushonea matanga, akakashona mgongoni mwa luni, Linnea akiwa amesimama juu ya stuli, na uzito wa koti ukalivuta luni nyuma, shingo ikasimama, mikono ikaonekana. Mbele bado lilikuwa refu. Marit akapiga marinda matatu, mishono mirefu, ya haraka.

"Hii mbona mirefu hivi?" Annika akauliza. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika uzi.

"Ili ifumuke kirahisi. Ona, huu mwekundu ndio wa kuvuta. Mwakani unafumua rinda la kwanza. Mwaka unaofuata la pili."

"Na la tatu?"

"Akifika la tatu atakuwa hataki tena kutembea na wewe."

Annika akaushika ule uzi mwekundu kwa kidole kimoja, kwa upole kabisa, hakuuvuta. "Nionyeshe tena," akasema.

Jua likaanza kushuka nyuma ya misonobari na mtaa ukaanza kujaa. Marit akavaa viatu. Alikuwa ameshamwomba Bibi Verna aangalie na mlango wake, ameshanunua tochi, ameshaweka kamera mfukoni. Watatu watatembea, basi, si mbaya. Mkono mmoja mmoja. Akafunga kamba.

"Mamdogo, wewe kaa nyumbani," Linnea akasema.

Marit akainua kichwa. "Nini?"

"Kaa hapa. Mimi naenda na mama."

"Linnea," Annika akasema, "mamdogo anakuja pia. Ametushonea..."

"Hapana. Akae." Na akakunja uso, ule uso wa jiwe, ambao Marit anaujua kuliko mtu yeyote duniani. Ukiubishia, mtakesha.

"Sawa," Marit akasema. "Wala usijali. Nitatoa pipi. Nendeni, nendeni kabla hawajamaliza zile nzuri."

Akafungua kamba za viatu tena. Zilikuwa na fundo, zikachukua muda, na hilo lilikuwa jambo jema kwa sababu aliweza kuinama.

Akawasikia wakienda. Kwaruu kwaruu juu ya lami, halafu mlango wa kwanza, halafu sauti, ile sauti, kali kama filimbi: "Tamu au balaa!" Watu wakacheka. "Ni nini hiki? Boti na mdudu?" "Ni luni na mtoto wake!" "Mtoto mwekundu?" "Atazoea!" Halafu mlango wa pili, mbali kidogo. Wa tatu. Baada ya hapo hakusikia tena sauti yake, watoto wote wakawa watoto.

Marit akakaa kwenye ngazi na bakuli. Wakaja maharamia walioshika suruali. Akaja mchawi amefunga gauni kiunoni kwa mkanda wa baba yake. Kila mmoja akampa pipi mbili, akamwambia amependeza. Bibi Verna akavuka na kipande cha keki kwenye karatasi.

"Kumbe uko hapa? Mimi nimekaa macho yote kwenye mlango wako kama mlinzi. Kwa nini hukwenda nao?"

"Kafanya uamuzi wake."

"Nani, Annika?"

"Mtoto."

Bibi Verna akamwekea keki magotini. "Inaanza kupoa," akasema, anaangalia mbinguni, kisha akarudi kwake.

Na kweli ilipoa. Nusu saa, saa moja. Marit hakuila keki. Alikuwa anafikiri mambo ya kijinga tu: kwamba kesho asubuhi atakuta kijiko kile cha bluu kwenye droo na hatajua afanye nini nacho. Kwamba mlango wa chumba utabaki wazi upana wa kiatu na hakuna atakayeuhitaji. Kwamba mwaka mzima alimwombea dada yake apone, na Mungu amesikia, na mtu hawezi kumrudia Mungu akamwambia punguza. Akaingia ndani kuongeza pipi, akafunga mlango.

Ukagongwa.

Akafungua, bakuli mkononi, tabasamu la wageni usoni.

Luni lilikuwa limesimama kwenye kibaraza, jicho moja limezimika, mdudu mwekundu mgongoni ameinamia upande. Nyuma, kule chini njiani, Annika amesimama mbali, ameambiwa asimame mbali, inaonekana wazi.

"Tamu au balaa!" Linnea akapiga kelele, kama hajawahi kuiona nyumba hii.

Marit akataka kusema, ingia, umechelewa, mikono yako ni baridi. Lakini uso ule ulikuwa wa kazi kabisa, hauna mchezo. Akaelewa anachotakiwa kufanya.

"Karibu," akasema. "Wewe ni nani mwenzangu?"

"Mimi ni luni."

"Unatoka wapi?"

"Natoka mbali. Natoka Duluth." Akalivuta bawa lililoteleza. "Nimekuja kwa gari kukuona. Nyumba zote huko nimegonga siwajui wenyewe. Nilikuwa nataka nyumba moja yenye mtu ninayemjua. Ndiyo maana nikakwambia ukae."

Marit akashika fremu ya mlango.

"Basi umenijua," akasema.

"Wewe ni mamdogo wangu. Mimi siku hizi sikai hapa, lakini nakuja." Akanyoosha mfuko. "Sasa nipe."

Marit akatia pipi mbili kama kwa watoto wote. Akatia na ya tatu. Mkono ukarudi tena bakulini, ukatoka umejaa, ukamimina mpaka mfuko ukainama.

"Asante, mama," Linnea akasema kiadabu, kama mtoto wa watu, akageuka akashuka ngazi, kwaruu kwaruu kwaruu, hakugeuka nyuma hata mara moja. Akapita ua, akafika njiani. Marit akabaki amesimama mlangoni akingoja mtoto akumbuke kwamba leo bado analala humu ndani.

Akamsikia akisema kwa sauti kubwa, "Mama! Nyumba ile wanatoa kwa mikono miwili! Ngoja nirudi tena!"

"Umeshakwenda, huruhusiwi."

"Hatanikumbuka. Ngoja uone."

Marit akaufunga mlango haraka, akafuta uso kwa mkono wa sweta, akajaribu tabasamu la wageni, likakataa, akajaribu tena. Nje turubai likawa linapanda ngazi, moja, ya pili, ya tatu. Akashika kitasa akasubiri, hata kabla haujagongwa, akijifunza kutomkumbuka.